Miguu Inayovimba Jioni: Somo Kutoka Nchelenge Kuhusu Dawa za Mimea



Ndugu msomaji, somo la toleo hili nimelileta kutoka mbali kidogo. Likizo iliyopita nilikuwa kwa baba mdogo, Nchelenge, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa mashariki. Ukivuka maji unaingia Kongo. Mimi nasoma famasia, na kama mjuavyo, watu wakishajua unasoma famasia basi likizo yako imekwisha. Nilidhani nitaulizwa kuhusu malaria, maana Luapula ina malaria nyingi. Badala yake niliulizwa kuhusu miguu.

Ukienda soko la Kashikishi utaelewa sababu. Uhai wa pale ni samaki: pale, kambale, na hasa chisense, samaki wadogo kama dagaa wetu, wanaoanikwa juani. Akina mama wanasimama mchana kutwa kwenye mchanga na mezani, wengine wanakaa kwenye vigoda vifupi magoti yamekunjwa, wanachambua, wanageuza, wanapima. Wengi wamezaa mara nyingi. Jioni miguu inakuwa mizito kama imefungwa mawe, na kandambili zilizowatosha asubuhi haziingii tena. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na kuna waliosema kuwa miezi hiyo mitatu ndiyo miguu yao hupumzika. Hilo peke yake ni somo la tiba, ukilitafakari.

Na usishangae kuwa mazungumzo hayo yote niliyafanya kwa Kiswahili. Lugha ya pale ni Kibemba, lakini Kiswahili si mgeni katika ziwa lile. Livingstone alipofika Mweru Novemba 1867 alimkuta kwa Mwata Kazembe mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameishi huko miaka mingi. Siku hizi kinaletwa zaidi na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kilwa (ya Kongo, si ile yetu ya Lindi) na Pweto, na tangu 2018 na wakimbizi wa Kikongo walioko makazi ya Mantapala.

Damu inayopanda mlima

Kwanza tuuelewe mguu wenyewe. Moyo unasukuma damu hadi vidoleni bila taabu. Kazi ngumu ni kuirudisha juu. Damu inayorudi hupita kwenye vena, mishipa yenye kuta laini, nayo inapanda kinyume cha uzito wake. Kinachoisukuma ni misuli ya shavu la mguu. Kila ukipiga hatua misuli inaminya vena, na damu inapanda. Ndani ya vena mna vali, vijilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu na kujifunga damu inapotaka kurudi chini.

Sasa fikiria mtu anayesimama saa kumi bila kutembea. Pampu imezimwa. Damu inajikusanya chini, vena zinatanuka, na vena ikitanuka sana milango yake haikutani tena, kwa hiyo damu inavuja kurudi chini hata akitembea. Presha inapanda kwenye mishipa midogo kabisa, maji yanapenya kuta na kuingia kwenye nyama. Ndio uvimbe wa jioni. Miaka ikipita, chembe za damu nazo zinapenya, ngozi ya juu ya kifundo upande wa ndani inageuka rangi na kuwa nyeusi au ya kahawia, inakuwa ngumu, inawasha. Mwisho wake ni kidonda kisichopona, ambacho mitaani tunakiita donda ndugu na mara nyingi tunakihusisha na uchawi.

Waarabu wa zamani waliuita ugonjwa wa vena zilizojitokeza dawali, na neno hilohilo lina maana ya mizabibu, kwa jinsi vena zinavyojisokota kama matawi ya mzabibu. Al-Zahrawi wa Cordoba, karibu mwaka 1000, alieleza katika kitabu chake at-Tasrif namna ya kuzikata na kuzitoa. Kumbuka habari ya mzabibu, tutairudia.

Mguu upi?

Hapa ndipo wauza dawa wengi wanapotupotosha, kwa sababu kwao kila mguu uliovimba ni mmoja. Mguu mmoja uliovimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma shavuni, unaweza kuwa na donge la damu ndani ya vena. Donge likikatika na kwenda kwenye mapafu linaua, na huyo haendi kwa mganga wala kwa mwanafunzi wa famasia, anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na pumzi kukatika, au uso kuvimba asubuhi, au tumbo kujaa, tazama moyo, figo na ini. Kando ya ziwa usisahau kichocho, maana kile cha tumbo huharibu ini. Kuna matende, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Kuna mimba, na kifafa chake.

Mguu wa vena una tabia yake: asubuhi ni mwepesi, jioni ni mzito, ukiuinua unapata nafuu, vena zinaonekana, ngozi imebadilika rangi juu ya kifundo. Somo lililobaki linahusu mguu huo tu.

Mimea iliyopimwa

Je, mimea inasaidia? Ndiyo, mingine inasaidia, na nasema hivi kwa sababu darasani kwetu wapo wanaodhani kila dawa ya mmea ni ushirikina. Lakini tazama inasaidia kiasi gani.

Uliochunguzwa zaidi ni mti wa Aesculus hippocastanum, asili yake milima ya Balkani. Mbegu zake ziliingia Ulaya ya kati katika karne ya 16 zikitokea Istanbul, kwa Waothmani, na jina lake la Kilatini lina farasi ndani yake kwa sababu ilisemwa kuwa farasi wenye kikohozi walipewa. Ndani ya mbegu mna kemikali iitwayo esini, ambayo hupunguza kuvuja kwa kuta za mishipa midogo na kuipa vena ukakamavu. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la wagonjwa 240 wa Ujerumani lililochukua wiki 12. Wengine walipewa dawa ya mbegu hiyo, miligramu 50 za esini mara mbili kwa siku, wengine soksi za kubana, wengine kidonge kitupu. Mguu wa waliopewa mbegu ulipungua kwa wastani wa mililita 44 hivi, wa waliovaa soksi mililita 47, na wa waliomeza kidonge kitupu uliongezeka karibu mililita 10.

Mililita 44 ni nini? Ni vijiko vikubwa vitatu vya maji. Kwa mama anayesimama sokoni vijiko vitatu si vichache, ndiyo tofauti ya kiatu kuingia au kutoingia. Lakini ni vijiko vitatu, si muujiza. Mwaka 2012 wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 17 ya mbegu hii wakaona kuwa maumivu, uvimbe na mwasho hupungua, kwa matumizi ya muda mfupi. Hakuna aliyeonyesha kuwa vali iliyoharibika inarudi kuwa nzima.

Na sharti lake ni moja: hiyo ni dawa iliyotolewa kwenye mbegu kiwandani, sumu ikaondolewa, kiasi cha esini kikapimwa. Mbegu mbichi, jani na gome la mti huohuo vina sumu. Mtu akikuuzia unga wa mbegu aliousaga mwenyewe, amekuuzia kitu kingine kabisa.

Wa pili ni mzabibu niliousema. Majani mekundu ya mzabibu, yanayokamuliwa kwa maji na kukaushwa kuwa unga, yalijaribiwa kwa wiki 12 kwa vipimo vya miligramu 360 na 720 kwa siku, matokeo yakachapishwa mwaka 2000: uvimbe ulipungua ukilinganisha na kidonge kitupu. Waliouita ugonjwa huu dawali wangefurahi kusikia hivyo, ingawa ni sadfa tu.

Wa tatu ni wa bara letu na bahari yetu. Centella asiatica ni mmea mdogo unaotambaa kwenye sehemu zenye majimaji, jani lake la duara kama figo. Madagaska wanauita talapetraka, na waliutumia kwa vidonda kabla ya maabara kuufikia. Msomi wa Kimalagasi Albert Rakoto Ratsimamanga, aliyeanzisha taasisi ya utafiti ya IMRA huko Antananarivo mwaka 1957, ni miongoni mwa waliouchunguza, na kutokana nao ilipatikana dawa ya vidonda inayouzwa hadi leo katika nchi nyingi. Napenda kuutaja kwa sababu unaonyesha njia sahihi: elimu ya wazee ikapelekwa maabara, ikapimwa, ikarudi ikiwa na kipimo. Kwa upande wa vena, majaribio yake yapo na yanaonyesha nafuu ya uvimbe na uzito wa miguu, ila ni madogo na mengi hayakupangwa vizuri. Tena yameripotiwa matukio ya watu walioutumia kwa wiki kadhaa ini likaumia.

Mwaka 2020 Cochrane ilizipima dawa za jamii hii kwa pamoja, zikiwemo zile za maganda ya machungwa zinazopatikana katika maduka makubwa ya dawa. Jibu: pengine zinapunguza uvimbe kidogo. Kuhusu kuponya vidonda, hazikuonyesha tofauti.

Chupa ya sokoni

Dukani kwa baba mdogo alikuja mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Maniema, mjane, muuza chisense. Alikuwa na chupa ya maji ya kahawia na akataka nimsomee kibandiko.

"Mwanangu, banasema inatosha maji mu miguu. Ni kweli?"

(Kiswahili chao: kutosha ni kutoa. Nilichukua dakika nzima kuelewa kuwa haulizi kama dawa inatosha.)

Kibandiko kilikuwa na picha ya msikiti, maneno "Dawa ya Sunna", na orodha ya maradhi kumi na moja: mishipa, kisukari, presha, nguvu za kiume, jicho, na mengine. Mimea mitano ilitajwa. Kipimo hakikuwepo hata cha mmoja, wala tarehe, wala jina la aliyetengeneza. Alikuwa ameinunua kwa fedha ya mauzo ya siku mbili, na hii ilikuwa chupa ya tatu.

Ndugu zangu, hapa nataka tusimame. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa kila maradhi Mwenyezi Mungu ameyawekea dawa, na wauzaji wanalitaja fundisho hilo kila siku. Lakini yapo pia mafundisho yake, waliyoyapokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Hilo halibandikwi kwenye chupa. Kuchora msikiti kwenye kibandiko hakumwondolei mtu dhamana. Kwa maoni yangu kunaiongeza, kwa sababu ameuza kwa jina la dini.

Ibn Sina, ambaye jina lake pia hutumika kuuza chupa hizi, aliweka katika kitabu cha pili cha al-Qanun masharti saba ya kuijua nguvu ya dawa kwa kuijaribu. Miongoni mwake: dawa iwe safi, haikuchanganyika na sifa ya kigeni, ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja, si maradhi yaliyochanganyika, athari yake ionekane mara kwa mara, isiwe ya kubahatisha, na ijaribiwe kwa binadamu, kwa kuwa kinachotokea kwa mnyama huenda kisitokee kwa mtu. Ipime chupa ya mimea mitano na maradhi kumi na moja kwa masharti hayo. Inaanguka kwenye sharti la kwanza.

Sheria nazo zipo. Zambia dawa za mimea ziko chini ya ZAMRA, mamlaka ya dawa. Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Tafuta namba ya usajili kwenye chupa. Isipokuwepo, irudishe mezani.

Bandeji na udhu

Mama yule alikuwa na kidonda juu ya kifundo, ukubwa wa sarafu, na ngozi nyeusi kukizunguka. Kumbe alikuwa amekwisha kwenda kliniki, amepimwa na amefungwa bandeji ya kubana, ambayo ndiyo tiba hasa ya kidonda cha vena. Bandeji inayobana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti inafanya kazi ambayo vali zimeshindwa kuifanya. Zile za tabaka kadhaa zinaweza kukaa hata wiki nzima bila kufunguliwa. Lakini yeye alikuwa anaifungua mara tano kwa siku, atawadhe, kisha anaifunga tena mwenyewe, juu imebana, chini imelegea. Ikifungwa hivyo inazuia damu badala ya kuipandisha. Miezi mitatu kidonda hakikusogea, akaona bandeji haifai, akanunua chupa.

Niliupeleka mguu wake hospitali ya St Paul's hapo Kashikishi, na swali lake nikalipeleka kwa imamu. Jibu mnalijua waliosoma fiqhi, ni mlango wa jabira, yaani kitu kilichofungwa juu ya mfupa uliovunjika au jeraha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, anaosha sehemu zilizo wazi, anapangusa kwa maji juu ya bandeji, na anatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Madhehebu mengine yanatosheka na kupangusa. Afungwe akiwa na udhu. Tofauti na khofu, ambayo mkazi ana mchana mmoja na usiku wake, jabira haina muda: inakaa maadamu haja ipo. Na zaidi ya hayo, faradhi ya kuosha mguu inaishia vifundoni. Sehemu kubwa ya bandeji, ile ya shavu la mguu, haihusiani na udhu kabisa.

Mama alimsikiliza imamu mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini kliniki hawakumwambia hivyo. Jibu ni rahisi: muuguzi hajui fiqhi, na imamu hajui kuwa kuna mtu anafungua bandeji mara tano. Wanaojua yote mawili ni sisi, wanafunzi Waislamu wa uuguzi, udaktari na famasia.

Tahadhari moja kubwa. Usimfunge mtu bandeji ya kubana wala kumvalisha soksi hizo kabla hajapimwa. Mwenye kisukari, mvutaji sigara, au mzee ambaye mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba, ukimbana unaweza kumuozesha mguu. Muuguzi hupapasa mapigo ya unyayo na kulinganisha presha ya mguu na ya mkono kwanza.

Maswali niliyoulizwa zaidi

Asali je? Sura an-Nahl imeitaja kuwa mna ponyo ndani yake, na hatubishani na Qur'ani. Swali ni kama asali juu ya kidonda hiki inazidi tiba ya kawaida. New Zealand waliwajaribu watu 368 wenye vidonda vya vena, wote wakiwa na bandeji ya kubana. Baada ya wiki 12 waliopona ni asilimia 55.6 kwa asali na asilimia 49.7 kwa tiba ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu inaweza kuwa ya bahati tu, na wa asali walilalamika maumivu zaidi. Anayetaka kuipaka atumie asali ya tiba iliyosafishwa, na bandeji ibaki pale pale.

Asiye na fedha ya dawa wala soksi afanye nini? Alale miguu ikiwa juu kuliko moyo, nusu saa, mara tatu au nne kwa siku. Tofali mbili chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni zinatosha usiku. Akiwa amesimama mezani apande na kushuka kwa vidole. Kila saa atembee kidogo. Baba mdogo amewawekea akina mama wa barazani kwake kreti tupu za soda, wanainulia miguu wakati wa kuhesabu fedha.

Ramadhani je? Dawa ya esini humezwa mara mbili, kwa hiyo daku na futari zinatosha, na ni vizuri imezwe na chakula kwa sababu huchafua tumbo. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda wasiimeze bila kumwuliza daktari, na hilo halina uhusiano na Ramadhani.